Batuli na Lori la Mkaa

Watu wakisema Batuli alikuwa na wivu mimi hucheka. Wivu hata mimi ninao, hata wewe unao, tena usinibishie. Wa Batuli ulikuwa kazi. Aliianza alfajiri kabla hajachemsha chai, akaifanya hadi jioni, na hakuwa na siku ya mapumziko.

Mimi Zamda nilikaa naye ukuta kwa ukuta hapa Ngarenaro tangu sote wawili tulipokuwa mabibi harusi. Akikaanga vitunguu nanusa, akikohoa nasikia, akimgombeza mumewe nalijua kosa kabla mume mwenyewe hajalijua. Kwa hiyo asije mtu kunifundisha habari za Batuli. Baba yake alitoka Kondoa, akaja hapa na kazi ya kubeba mizigo, akazaa mabinti watupu, Batuli akiwa wa mwisho. Tulikua pamoja, na tulipokuwa wadogo, tukipewa andazi tugawane, alikuwa anayapima mapande kwa kidole, anachukua kubwa, halafu anakaa kulitazama lile dogo aliloniachia mpaka nalimaliza. Na siku ya harusi yake, amefunikwa kichwa hadi miguu, alinishika mkono akaninong'oneza: "Zamda, hebu nitazamie. Anapoingia, anamchekea nani?"

Aliyekuwa anaingia ni Hatibu. Dereva! Nyie mnaoona madereva kila kona hamwezi kuelewa. Miaka ile kabla ya vita vya Hitla, madereva Waafrika wa mji huu ungewakalisha wote kwenye benchi moja na nafasi ingebaki. Hatibu aliendesha lori la Seti mmoja, tajiri wa Kihindi mwenye duka la jumla, akipeleka mahindi Moshi na kurudi na nguo na chumvi. Akipita, wanawake wanaacha sufuria ziungue. Na mimi nilimwonea Batuli kijicho, sikatai. Wangu mimi Shomari ni fundi cherehani, amekaa barazani kwa Mhindi toka asubuhi, nikitoa kichwa dirishani namwona. Jana yuko pale, leo yuko pale, na kesho atakuwa pale pale. Mume wa namna hiyo hata kumwonea wivu ni kupoteza nguvu bure.

Basi vita vikaja, petroli ikaadimika. Serikali ya Mwingereza ikaitoa kwa kibali, na kibali cha Seti hakikulifikisha lori hata Boma Ng'ombe. Ndipo ikaja ile mitambo ya gesi ya mkaa. Lori likapelekwa gereji kwa Kalasinga, likarudi limefungwa pipa la chuma ubavuni, refu kumpita Hatibu, na bomba linalopita chini ya tumbo la gari mpaka kwenye chujio lililojazwa katani. Ndani ya pipa unaweka mkaa, unauwasha, na ile hewa yake ya moto ndiyo inayovutwa na injini badala ya petroli. Hiyo ndiyo gesi yenyewe. Watoto wa mtaa mzima walikuja kulicheka gari linalokula mkaa. Wazee nao walikuja, ila wao walisema wamepita tu.

Sasa kazi yake! Kila alfajiri Hatibu anakung'uta majivu, anafua ile katani, anajaza mkaa, anachomeka kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha anashika mpini wa feni na kuzungusha, kuzungusha, kuzungusha, mpaka shati linaloa. Halafu anawasha kiberiti kwenye mdomo wa bomba. Moto ukiwa wa buluu na umetulia, basi gesi imekubali, anapiga hendeli, injini inanguruma. Wakati huo wote Batuli yuko dirishani, mikono kiunoni.

"Baba Siwema," alimwambia siku moja, maana Siwema ni binti yao wa pekee, "tangu unioe hujanipepea hata siku ya homa. Hilo dude unalipepea kila siku."

"Mke wangu, si ndilo linalotulisha?"

"Basi likupikie."

Nilicheka nyuma ya ukuta mpaka Shomari akaniuliza kama nina wazimu. Lakini wivu wa lori ulikuwa wa kuchekesha tu. Wivu wenyewe ulianza siku Hatibu alipojisahau akafungua mdomo wake.

Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, amekaa kula. Akaokota vipande viwili vya mkaa kwenye gunia lililobaki, akavigonganisha, vikalia ting! "Sikia hiyo," akasema. "Mkaa wa Anyesi. Hauna chenga, hauna unyevu. Ukililisha lori mkaa wa Anyesi, kile kilima cha Tengeru linapanda huku linaimba."

Batuli akaweka mwiko chini. "Anyesi ndiye nani?"

"Mama mmoja wa Kimeru pale Kikatiti. Mjane, ameteremka kutoka Nkoaranga, anachoma mkaa wa migunga. Huyo mwanamke anaujua mkaa, mama Siwema. Anaujua!"

Jamani, wanaume! Mtu anakula ugali wa mkewe, na bado anapata nafasi mdomoni ya kumsifia mwanamke mwingine. Batuli alikuja kwangu hata hajanawa mikono.

"Ameketi juu ya mkeka wangu, Zamda. Mkeka wangu!"

"Kasifia mkaa tu," nikamwambia.

"Mkaa unajichoma wenyewe?"

"Hebu tulia, shoga. Watu wa Nkoaranga ni Walutheri. Hawaozi mke wa pili hata uwapelekee zizi zima la ng'ombe. Hatibu akitaka kuongeza mke atamtafuta hapa hapa Ngarenaro, kwa Waislamu wenzake."

Akanitazama kwa jicho kali. "Kumbe unamjua tayari?"

Tukanuniana wiki nzima. Huyo ndiye Batuli: umemfariji, na anakugeuzia kibao. Lakini nilimjua vizuri, nikajua kwamba kuanzia siku ile lilimkaa rohoni jambo moja tu, kwamba lile lori lisisimame Kikatiti. Na lilikuwa lazima lisimame, maana pipa likijazwa hapa mjini, mkaa unaishia maeneo yale. Ni kuongeza, kuchokonoa majivu, kukung'uta chujio, ndipo uende. Kila Hatibu alipoondoka, Batuli alihesabu njia kichwani: sasa yuko Tengeru, sasa Usa, sasa Maji ya Chai. Akifika Kikatiti kwenye mawazo yake, chochote alichoshika mkononi kilikuwa hatarini. Mimi nilikuwa namficha kuku wangu.

Akaona dawa ni kumnyima Hatibu sababu. Akaenda sokoni mwenyewe, akachagua mkaa, magunia kwa magunia. Na Batuli kwa mkaa alijiona bingwa, kwa kuwa alikuwa mpishi hasa. Sasa sisi wapishi tunapenda mkaa gani? Mwepesi, unaoshika upesi, na vile visinga vya katikati ambavyo havikuiva tunavifurahia, kwa kuwa vinatoa mwali na maji yanachemka haraka. Mpishi yeyote wa mji huu angechagua ule ule. Hatibu alipouona alishika kichwa.

"Huu haufai kwa gari, mama Siwema."

"Haufai kwa nini? Umechomwa na mwanamke mbaya?"

"Sikiliza..."

"Leo utakwenda na mkaa wangu, au utanikanyaga na hilo lori lako hapa hapa." Na kweli akasimama mbele ya gurudumu, kanga imefungwa kiunoni, watu wamejaa. Seti anasubiri mzigo, jua linapanda. Hatibu akapakia. Akaondoka na mkaa wa mkewe, lori likitoa moshi wa manjano, na Batuli akarudi ndani amejaa furaha, akanipikia hata mimi.

Jioni Hatibu hakurudi. Kesho yake hakurudi. Batuli akaacha kula, akawa anasimama barabarani kila likisikika gari. Mwishoni akapita Lesikar, dereva wa lori jingine, mtu mpole sana, ndiye aliyepewa balaa la kusema.

"Lori la Hatibu limelala Kikatiti, shemeji. Mabomba yamejaa lami, nzito hivi. Mkaa ulikuwa mbichi ndani. Anafungua bomba moja moja anakwangua."

"Limelala wapi?"

"Kikatiti."

"Na yeye analala wapi?"

"Kwenye lori, nadhani."

"Unadhani. Na anakula wapi?"

Lesikar akanitazama mimi, kama nitamsaidia. "Kuna mama pale, anauza mkaa..."

Batuli aliketi chini, pale pale kwenye vumbi. Siku zote hizi anataka mumewe asisimame Kikatiti japo kidogo, na sasa yeye mwenyewe kamlaza huko kwa mkaa wake. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikashindwa vyote viwili. Kisha akainuka, akanivuta mkono, tukapanda lori la Lesikar pale pale, mimi sijafunga hata mlango wa nyumba yangu.

Tulimkuta Hatibu chini ya gari, miguu tu inaonekana. Batuli hakuisalimia miguu. Alikwenda moja kwa moja kwenye tanuri la mkaa lililokuwa linafuka nyuma ya vibanda, na hapo ndipo tulipomwona Anyesi. Nitasema kweli: nilikuwa namwomba Mungu awe na sura mbaya. Hakuwa nayo. Mwanamke mrefu, mabega imara, masizi yamemjaa usoni, na chini ya masizi hayo bado unaona. Batuli naye aliona.

"Wewe ndiye unayemlisha mume wangu?"

"Karibuni, mama zangu," Anyesi akasema polepole, kwa Kiswahili cha watu wa mlimani. "Mimi nalisha lori lake."

Akaokota kipande cha mkaa wa Batuli uliomwagwa pale kutoka kwenye lori, akakivunja mbele yetu. Ndani kilikuwa kahawia. "Huu ni wa kupikia. Jikoni ni mzuri. Kwa gari unatoa lami." Akavunja cha kwake, cheusi mpaka moyoni, kinang'aa. Na mimi niliyekuja tayari kushika nywele za watu nikabaki nimesimama na mikono yangu.

Batuli hakutukana. Hilo lilinitisha kuliko matusi. Alizunguka lile tanuri, akatazama magogo yalivyopangwa, majani juu yake, udongo juu ya majani, yale matundu ya pembeni yanayozibwa moja moja moshi unapobadilika rangi. Alitazama chekeche la kuondoa chenga. Aliiba kazi yote kwa macho. Njiani kurudi akaniambia: "Nitachoma mwenyewe. Atapita pale na mkaa wangu, na yule atakaa na wake."

Na alichoma. Alikwenda Elerai, wakati ule ni pori la migunga na mifugo ya watu, akamwomba mzee Kisioki, akamruhusu achukue miti iliyokauka. Tanuri la kwanza likawa jivu. La pili likamlipukia, likamla nyusi. Mimi nilibebeshwa udongo kichwani, mimi Zamda, mke wa fundi cherehani, na nilimwambia kila neno baya ninalolijua, naye hakusikia hata moja. Siku lilipotoka la kwanza lililofaa, alimbebea Hatibu vipande viwili. Hatibu akavigonganisha karibu na sikio. Ting! Akavigonganisha tena.

"Mama Siwema," akasema, "huu umeiva."

Batuli akalia mbele yetu sote. Tangu hapo mpaka vita vinakwisha lori lile halikula mkaa mwingine. Hata kina Lesikar wakawa wanakuja kwake, wakamwita Mama Gesi, naye akawa anajibu. Lakini mlipaswa kumwona. Yule mwanamke wa udi na asumini, ambaye ukipita mlangoni kwake unajua yupo, sasa alinuka moshi hata Idi. Viganja vilipasuka. Kikohozi kilimkaa, nikawa namsikia ukutani usiku kucha. Nikimwambia apumzike, ananijibu, "Nikipumzika mimi, mwenzangu hapumziki."

Hatibu alikuwa bado anasimama Kikatiti, hilo halikuwa na ujanja, pipa lilidai. Ila sasa alisimama na magunia ya mkewe nyuma ya lori. "Dakika chache tu, naongeza naondoka," alisema. Batuli akaridhika. "Asimame tu," aliniambia. "Kinachosimama pale ni pipa. Mkaa ni wangu."

Vita vikaisha, na baada ya muda petroli ikaanza kurudi. Kalasinga akaling'oa lile pipa kwa nyundo na tindo, likatupwa nyuma ya gereji, na mtaa mzima ukaenda kulitazama lori jembamba kama limetoka hospitali. Batuli alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mzima. Alijisugua kwa dodoki mpaka ngozi ikawa nyekundu. Akamshonesha Shomari gauni jipya, akajifukiza udi, akapaka hina juu ya ile mipasuko. Akasema safari ya kwanza ya petroli anakwenda Moshi na mumewe, na mimi nifuatane naye.

"Njia ina vumbi," Hatibu akasema.

"Vumbi litanifanya nini mimi?"

"Na mzigo ni mzito leo."

"Kwani nitakaa juu ya mzigo?"

Tukaingia mbele, Batuli katikati, mimi mlangoni. Lo, petroli ni kitu kingine! Hakuna kuzungusha feni, hakuna kusubiri. Kilima cha Tengeru ambacho zamani abiria walishuka kusukuma, tulikipanda tunaongea. Mashamba ya kahawa yanapita, Meru iko wazi mpaka kileleni, na injini kimya, hata kunong'ona unasikia. Nilimwangalia Batuli na hina zake, ubavuni kwa mume wake dereva, na kile kijicho changu cha ujana kikaamka upya. Shomari wangu wakati huo yuko barazani.

Tulipopita Maji ya Chai, Batuli akasogea dirishani, akanilalia mapajani. "Nipishe, Zamda. Nataka nimpungie mkono. Nataka aone lori linapita."

"Mwache mwenzako," Hatibu akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na hakukuwa na joto.

Kikatiti ikaja. Hatibu akakanyaga mafuta. Lakini ng'ombe wa watu walikuwa wanavuka barabara, ikabidi apunguze, akapiga honi, akapiga tena, mkono wote juu ya honi. Na Anyesi alikuwa pale pembeni. Safari hii hakuwa na masizi. Alikuwa amevaa nguo safi, ameshika bakuli lililofunikwa kwa kitambaa, anamtazama dereva na kutabasamu, jua lipo upande wetu, sisi hakutuona. Batuli akatoa mkono nje ya dirisha, hina yote, akapunga.

Ng'ombe wa mwisho akapita. Hatibu akaliondoa lori kwa nguvu mpaka tukagonga vichwa nyuma. Likapita Kikatiti, halikusimama. Batuli akageuka akanitazama, na uso wake, nyie, uso wake ulikuwa wa msichana.

Ndipo tukaisikia sauti nyuma yetu, ya mwanamke anayekimbia na bakuli mkononi.

"Baba Ephraimu! Baba Ephraimu!"

Tulikuwa watatu mle ndani. Mimi sina mtoto wa jina hilo. Hatibu hakugeuza shingo, alishika usukani, akazidi kukanyaga mafuta. Sauti ikaita tena, sasa iko mbali kidogo. Batuli aliurudisha mkono wake ndani taratibu, akauweka mapajani, akautazama. Nilisubiri apige kelele. Nilisubiri amrukie.

"Simama," akamwambia.

Lori likaendelea.

"Simama, Baba Ephraimu. Unaitwa."